Na Mjomba barabarani: Mutukula hadi Lwera

Ijumaa: Bukoba, Mutukula, Kyotera

Jana ilikuwa Siku ya Mashujaa. Mjomba alivuka mpaka kama afanyavyo kila Julai, akaenda Kaboya kule Muleba walikozikwa askari wetu wa vita vya Kagera, akalala kwa mama hapa Bukoba, na leo anarudi kwake Lukaya, mji mdogo kwenye barabara kuu ya Masaka kwenda Kampala. Safari hii nimemwambia twende wote. Kwetu kila mtu anajua kwamba Mjomba alipigana na majeshi ya Idi Amin, na kwamba vita vilipokwisha alirudi Uganda kuoa. Ila anachofanya huko siku hizi kila mtu anakisimulia kivyake. Mama anasema ni daktari. Kaka yangu anasema kazi yake ni kufukuzana na ajali. Nimechoka kusikia, nataka kuona.

Haisi imeondoka stendi ikiwa imejaa hadi mlangoni. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya daraja la Kyaka. Majeshi ya Amin yalifika hapo baada ya kuvuka mpaka Oktoba 1978 na kuliteka eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, na mapema Novemba daraja likalipuliwa. Kwao Mjomba ni ng'ambo hiyohiyo iliyotekwa. Ng'ombe walibebwa, watu wakakimbilia kusini na walichoweza kujitwika. Yeye alikuwa na miaka 21, mhudumu wa zahanati ya kijiji, kazi yake kuchemsha sindano na kufunga vidonda. Mwalimu alipotangaza redioni kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, Mjomba akaenda kujiandikisha mgambo. Kwa hiyo nilitegemea tukifika darajani ataninyooshea kidole huku na kule. Tumefika Kyaka, Mjomba amelala fofofo, mdomo wazi, kofia imemwangukia puani. Tumevuka. Sikumwamsha.

Aliamka mwenyewe Mutukula, mzima kama aliyekuwa macho safari nzima. Siku hizi shughuli za mpakani ziko chini ya paa moja, maofisa wa nchi mbili wanagonga mihuri jirani kwa jirani. Hati yangu ya dharura iligeuzwageuzwa, ikagongwa. JWTZ liliuteka Mutukula Januari 1979, na hapo ndipo Mjomba alipoingia Uganda kwa mara ya kwanza, machela begani. Nilimuuliza anakumbuka nini.

"Matope," alisema, kisha akaenda kubishana na kijana wa kubadilisha fedha mpaka kijana akasalimu amri.

Kuanzia Sanje hadi Kyotera ni migomba na mibuni, ungedhani hujavuka mpaka wowote. Tumelala Kyotera.

Jumamosi: Kyotera

Nilidhani tumesimama Kyotera kupumzika. Kumbe Mjomba ana ratiba. Saa mbili asubuhi tulikuwa tumeshakula katogo ya matoke na maini, tukapanda boda kwenda kijijini kwa fundi seremala mmoja, mtu mzima wa miaka hamsini hivi, ambaye alipomwona Mjomba aliacha randa juu ya ubao na kuja kupiga goti kama wafanyavyo Waganda kwa wazazi.

Hadithi yao nimeipata vipande vipande siku nzima, nusu kwa Kiswahili, nusu Mjomba akinitafsiria Kiganda. Mwaka 1982 kule Kasensero, mwalo wa wavuvi ufuoni mwa ziwa, si mbali na hapa, watu walianza kukonda na kuharisha hadi kufa, na hakuna aliyejua kwa nini. Waganda wakauita ugonjwa huo silimu, ndio UKIMWI. Kwetu Kagera walisema Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kikivuka mpaka nyakati hizo, maana waliougua mwanzoni wengi walikuwa wafanyabiashara. Wengine walisema ni uchawi wa watu wa Tanzania waliodhulumiwa mali zao. Wengine walisema ni askari wetu waliowaletea, na Mjomba hapingi wala hakubali. Anasema tu kwamba vita hufungua njia nyingi, na kila kitu hupita humo.

Yeye alikuwa amerudi Uganda mwaka 1981, hana cheo, hana pensheni, ana sanduku la bati lenye mkasi, koleo na bandeji alizozifua mara nyingi hadi zikawa rangi ya chai. Hakuna aliyemtuma. Jirani akiugua, ndugu wanaogopa kumgusa, Mjomba anaingia. Anamwosha, anamgeuza asioze mgongo, anamnywesha maji ya chumvi na sukari. Akifa, anashiriki kumvika magome, maana Waganda huzika marehemu wao kwa kitambaa cha magome ya mti wa mutuba. Baadaye, kuanzia mwaka 1987, zilipoanza huduma za kuwafuata wagonjwa majumbani, kama ile ya hospitali ya Kitovu, na TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, lilipoanzishwa, alikuwa mmoja wa watu wa vijijini waliowaonyesha wauguzi nyumba ipi ina mgonjwa aliyefichwa.

Baba na mama wa seremala walifariki katika miaka hiyo, wakipishana miezi michache. Yeye alikuwa mvulana, na nyuma yake wadogo wanne. Mjomba hakuwachukua kwake. Hilo nilimuuliza, kwa sababu ndivyo nilivyosikia nyumbani, kwamba alilea yatima.

"Ningewachukua, shamba lao lingekwenda na baba zao wadogo," alinijibu. "Niliwaacha palepale. Nilikuwa naja Jumamosi kulima nao, watu wanione."

Jambo hilo kwangu limezidi yote niliyoyasikia kuhusu vita. Shamba lipo. Seremala ametuonyesha mipaka yake, mti kwa mti, na mdogo wake mmoja amejenga upande wa chini. Tumeondoka na mkungu wa gonja, zile ndizi za kuchoma, ambao Mjomba aliukataa mara tatu kwa adabu kabla ya kuufunga mwenyewe nyuma ya boda.

Jumapili: Masaka, Nyendo, Lukaya

Tumepita Kalisizo bila kushuka. Masaka tumetembea kidogo mjini. Majeshi yetu yaliingia hapa tarehe 24 Februari 1979, na mji ukabomolewa vibaya, nyumba kwa nyumba, kisasi cha yaliyofanyika Kagera. Vijana wa kwetu hupenda kulisimulia hilo kwa kifua. Mjomba alisimama mbele ya jengo moja lenye duka la simu, akalitazama juu hadi chini.

"Hapa palikuwa na duka la dawa," alisema. "Tulilivunja jioni. Kesho yake asubuhi nikalihitaji."

Hakuongeza neno. Tumeshuka Nyendo kununua chumvi na sabuni, tukapanda taksi hadi Lukaya, ambako gari halijasimama sawasawa vijana wenye makoti ya rangi wakatuvamia dirishani na vijiti vya kuku wa kuchoma, gonja na maji baridi. Abiria wa Uganda wana kipaji cha kuchagua kuku kupitia dirishani ndani ya sekunde kumi. Mimi nilishindwa, nikanunua gonja wakati tunao mkungu mzima kwenye buti. Shangazi, mke wa Mjomba, amecheka hadi akakaa chini.

Usiku Shangazi amenisimulia upande wake. Baba yake aliposikia kwamba mchumba ni Mkombozi, kama walivyowaita askari wa Tanzania, alisema afadhali mganga wa kienyeji. Si kwa chuki. Kwa Waganda wa rika lake Kiswahili kilikuwa sauti ya kizuizi barabarani, ya mtu mwenye bunduki anayeamuru ulale chini utoe saa. Mjomba akifungua mdomo sokoni, kina mama walikuwa wanakusanya vitu vyao. Basi akajifunza Kiganda kwa mchungaji, mwaka mzima, ndipo akaja kujitambulisha ukweni. Sasa wajukuu zake wanaambiwa Kiswahili ni somo shuleni, baada ya serikali ya Uganda kuamua hivyo mwaka 2022, na ndiye anayeitwa kuwasaidia watoto wa mtaa mzima kazi za nyumbani. Shangazi anaona jambo hili ni kichekesho kikubwa kuliko kuku wangu.

Jumatatu: Lwera

Leo nimeijua kazi ya Mjomba.

Ukitoka Lukaya kuelekea Kampala unaingia Lwera, bwawa kubwa la mafunjo kando ya ziwa, na barabara imeinuliwa kukatiza katikati yake. Ni njia ya malori ya kwenda Rwanda na Kongo, mabasi ya usiku, taksi zenye haraka, na pikipiki zilizobeba samaki. Barabara imenyooka, kwa hiyo watu wanakanyaga mafuta. Mei 2023 maji ya mto Katonga yalipanda hadi daraja likafungwa na magari yakazungushwa mbali kupitia Mpigi na Sembabule. Wiki hizo, Mjomba anasema, alilala usingizi.

Tumesimama katikati ya bwawa, penye wauza samaki. Akatoa simu, akapiga ya video. Akatokea mzee mwenye kofia ya sufu, nyuma yake mahindi, sauti ya kuku. Ni Mngoni, wa huko Songea. Jina lake sitaliandika.

"Unapaona?" Mjomba alimzungushia simu. "Siku hizi wanalima mpunga. Pale ndipo ulipolala ukimwita mama yako."

"Nilimwita mama kwa sababu wewe ulikuwa umenikalia!" alifoka Mngoni, na wote wawili wakacheka hadi wakakohoa.

Ilikuwa jioni ya Machi 10, 1979. Brigedi ya 201, wengi wao mgambo ambao hawajawahi kusikia mzinga, ilikuwa imeingia Lukaya. Upande wa pili walikuja askari wa Amin pamoja na Walibya, wana vifaru na roketi za Katyusha, zile ambazo Waganda huziita saba saba. Roketi zilipiga kelele kuliko zilivyopiga watu, lakini kelele zilitosha. Brigedi ilitawanyika. Kuhusu nani alitangulia kukimbia, Mjomba na Mngoni wamebishana kwa miaka arobaini na zaidi, na leo hawajafikia muafaka. Wanachokubaliana ni kwamba Mngoni alipata kipande cha chuma pajani, damu ikaruka, na Mjomba, akiwa hana bandeji wala mwanga, alikunja shati lake, akaliweka juu ya jeraha, akaweka goti lake juu ya shati na uzito wake wote. Akakaa hivyo ndani ya mafunjo. Usiku huohuo Brigedi ya 208 ilizunguka kwa miguu hadi ikatokea barabara ya Kampala, na alfajiri ya tarehe 11 adui akajikuta kati. Mjomba hakuona lolote la mapigano hayo. Aliona goti lake.

Mwezi mmoja baadaye, Aprili 11, Kampala ilianguka. Nilimuuliza habari za Kampala akasema alikuwa Masaka, anaharisha.

Mchana alikuwa na darasa lake steji ya boda, Lukaya, vijana kumi na kitu wamekaa juu ya pikipiki zao. Wanamwita Musawo, yaani daktari. Hakuna ubao wala cheti. Kuna kijana amelazwa chini kwenye turubai akijifanya majeruhi, anachekacheka, na Mjomba anawauliza wenzake swali moja kila mara: unaanza na nini? Jibu wanalijua kama sala. Kwanza zuia magari, usije ukawa wa pili kulala hapo. Vunja matawi, yaweke barabarani mbali, pande zote mbili. Kisha tazama damu. Kitambaa safi, kunja, kandamiza, usifunue kuchungulia. Kikilowa ongeza kingine juu. Kofia ngumu usiivute. Shingo usiizungushe. Asiyejitambua lakini anapumua mgeuze ubavu, kichwa na mwili kwa pamoja, watu watatu, mmoja anahesabu. Usimpe maji hata akiomba.

Saa kumi na moja hivi, darasa limeshakwisha, tunakunywa chai, tukasikia breki ndefu na kishindo. Umbali wa viwanja viwili vya mpira, lori limemgonga mwenye pikipiki ya samaki na kumtupa ukingoni. Nilisimama. Mjomba hakusimama. Alishika mkono wangu.

"Ngoja uone."

Vijana walikuwa wameshafika. Wawili walikuwa wanakata matawi. Mmoja, yule aliyekuwa akichekacheka kwenye turubai, alikuwa amepiga magoti kando ya mguu uliovunjika chini ya goti, mfupa unaonekana mweupe, na mikono yake miwili imekandamiza leso iliyokunjwa pembeni mwa mfupa, si juu yake. Hakuwa anamtazama mtu yeyote. Midomo yake ilikuwa inatembea, na nilipokaribia nilisikia anamwambia majeruhi bei za sangara, polepole, mwalo baada ya mwalo, na majeruhi anamsahihisha. Mwingine alikuwa ameshika kichwa. Kundi la watu lilipoanza kusema abebwe haraka atupwe kwenye gari, msichana muuza gonja aliwafokea kwa Kiganda hadi wakarudi nyuma. Ubao ulitoka kwenye kibanda cha samaki, una magamba. Walimwinua kwa hesabu ya tatu, wakamwingiza kwenye taksi tupu kuelekea kituo cha afya.

Mjomba alikuwa amesogea wakati huo, mikono nyuma kama mwalimu wa zamu. Alisema neno moja tu safari yote hiyo: "Juu," akimaanisha kijana apandishe mkono kidogo. Kisha taksi ilipoondoka akaanza kulalamika. Hawakuvaa glavu. Glavu zimekwisha tangu wiki ya pili, aliahidiwa boksi na ofisi moja, anapigwa tarehe. Vijana walikuwa wananawa kwa sabuni na maji ya jerikeni, na yeye anapita mmoja mmoja akikagua mikono kama ina michubuko. Mtu aliyewazika wa silimu, nadhani, hawezi kuacha kutazama hilo.

Samaki waliomwagika waliokotwa wote wakapelekwa nyumbani kwa mwenyewe. Nilihesabu ndoo tatu. Uganda hii wanayoisema vibaya.

Jumanne: shuleni

Damu inayokandamizwa barabarani haimtoshi Mjomba. Leo tumekwenda sekondari moja nje ya mji ambako watu wa benki ya damu kutoka Masaka wamekuja kukusanya. Yeye mwenyewe umri umeshampita, hachangii tena. Kazi yake ni kushawishi, na anaifanya bila haya.

Sababu ya kuja wiki hii ni kalenda. Uganda sehemu kubwa ya damu hutoka kwa wanafunzi, kwa hiyo shule zikifungwa mabenki yanakauka. Muhula wa pili unaisha Agosti. Na watoto wadogo wenye malaria, ambao damu yao hupungua hadi wakawa weupe midomoni, hawangojei shule zifunguliwe. Mjomba ameyasema hayo mbele ya paredi kwa dakika nne, hakutaja vita hata kidogo, ingawa mwalimu mkuu alimtambulisha kama shujaa.

Msichana mmoja wa kidato cha tano aliuliza kama kweli ukitoa damu inabidi uendelee kutoa maisha yako yote la sivyo itakuzidi. Wavulana wakacheka. Mjomba akawageukia, akamwomba mcheshi mkubwa kuliko wote aje ajibu. Hakujua. Muuguzi ndiye aliyeeleza: hapana, hutolewa mililita 450 hivi, mwili hurudisha wenyewe, na mwanamume husubiri miezi mitatu, mwanamke minne. Msichana alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mcheshi alionekana baadaye amelala kitandani, macho amefumba kabla sindano haijatoka kwenye kikaratasi chake.

Na mimi nikalazwa. Sikuwa nimepanga. Mjomba alimwambia muuguzi, mbele yangu, kwa Kiganda cha makusudi ambacho hata mimi nilikielewa, kwamba mpwa wake ametoka Tanzania kwa ajili hiyo. Soda niliyopewa ilikuwa ya moto.

Jumatano: Lukaya

Basi la kushuka Mutukula linapita asubuhi. Mwenye pikipiki ya samaki amepelekwa hospitali ya rufaa ya Masaka, mguu hautakatwa, hivyo ndivyo alivyosema ndugu yake kwa simu. Kijana wa boda aliyemkandamiza alikuja kuchukua leso yake kwa Shangazi. Ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi, na alama imebaki. Akaikunja akaiweka chini ya kiti cha pikipiki.

Mjomba amenisindikiza hadi kituoni na orodha kwenye karatasi ya daftari. Boksi mbili za glavu, saizi kubwa, kutoka duka la dawa Bukoba, si zile za nailoni za mama ntilie. Bandeji za mpira, kama bei ni nzuri. Risiti niitunze, kwa sababu Mngoni ameahidi kulipa nusu, na Mngoni, amenionya, ni mtu wa kukimbia.

"Nimpigie yeye nimdai?"

"Mpigie jioni. Mchana yuko shambani, hasikii."